Ubao wa drafti ulioliwa na mchwa: uzi wa mafumbo ya mantiki na maumbo

FundiMarumaru

Wakuu, habari za jioni. Wapenda mafumbo sogeeni, uzi huu ni wenu.

Kazi yangu ni kupanga marumaru. Kutwa nzima natazama sakafu na kuwaza vipande vitaenea vipi bila kuacha pengo. Hapa Tanga, kwenye kijiwe chetu cha kahawa, kuna ubao wa drafti wa zamani ambao mchwa wamekula pembe mbili, ya juu kushoto na ya chini kulia. Siku moja mzee wetu wa kahawa aliuweka mbele yangu akasema: "Fundi, ubao mzima una vyumba 64. Viwili vimeliwa, vimebaki 62. Tuseme jiwe moja la dhumna linafunika vyumba viwili vilivyopakana ubavu kwa ubavu. Nipangie mawe 31, uufunike wote."

Nikaona amenipa kazi ya mkono wangu. Seti ya dhumna ina mawe 28 tu, tukaazima matatu kwa jirani. Nikapanga kwa safu. Nikapanga kwa kuzunguka kama gamba la konokono. Nikaanzia katikati nikatoka nje. Kila mara nafikisha mawe 30, halafu vinabaki vyumba viwili vilivyoachana. Siku ya tatu nikanyanyua mikono: "Mzee, hii haiwezekani." Akanijibu: "Wewe umeshindwa. Bado hujanionyesha kwamba haiwezekani."

Jibu lile lilinikosesha usingizi. Kushindwa mara mia hakuonyeshi chochote, maana huenda njia ya mia na moja ipo. Lakini sababu moja iliyonyooka inafunga milango yote kwa pamoja, hata ile ambayo hujaigusa. Ndiyo maana sharti la uzi huu ni moja: jibu lije na sababu yake. "Ndiyo" au "hapana" tupu sitaihesabu.

Fumbo la kwanza ni hilo la ubao. La pili hili hapa: chora duara, weka nukta kwenye ukingo wake, unganisha kila nukta na kila nukta nyingine kwa mstari ulionyooka, halafu hesabu vipande vilivyopatikana ndani. Nukta 1 inatoa kipande 1, nukta 2 vipande 2, nukta 3 vipande 4, nukta 4 vipande 8, nukta 5 vipande 16. Nukta 6 zitatoa vingapi? Angalizo: mistari mitatu isikutane mahali pamoja.

Karibuni.

BintiChumbageni

Kaka Fundi, 62 gawanya kwa 2 ni 31, haibaki hata moja. Mimi naona inaenea, ni suala la subira tu. Na la duara ni 32, inajirudufu kila hatua.

FundiMarumaru

Dada, asante kwa kufungua njia. Kwenye ubao hesabu inakubali, mpangilio je? Utuonyeshe. Kwenye duara nakuomba uchore kwanza, tena duara kubwa, kisha uhesabu kipande kimoja kimoja.

Msafiri_Korogwe

Wakuu, nimekata karatasi nikajaribu hilo la ubao. Kuna kitu nimekiona. Vyumba viwili vinavyobaki mwishoni kila mara ni vya rangi moja. Sijajua kinamaanisha nini lakini nimerudia mara tano na haibadiliki.

FundiMarumaru

Msafiri, umeshika mkia wa nyoka. Usiuachie. Vile viwili vilivyoliwa na mchwa vilikuwa vya rangi gani?

Msafiri_Korogwe

Vyote vyeupe! Pembe zinazotazamana kwa mshazari ni za rangi moja. Basi ngoja niiweke vizuri. Ubao mzima una vyeupe 32 na vyeusi 32. Mchwa wamekula vyeupe viwili, vimebaki vyeupe 30 na vyeusi 32. Dhumna moja, uilaze au uisimamishe, inafunika cheupe kimoja na cheusi kimoja, kwa sababu vyumba vinavyopakana havina rangi moja kamwe. Kwa hiyo mawe 31 yanahitaji vyeupe 31 na vyeusi 31. Hatuna. Haiwezekani, leo wala kesho.

Mkuu, nimesisimka. Nilikuwa nahangaika na karatasi nusu saa, kumbe jibu lilikuwa kwenye rangi ya ubao.

FundiMarumaru

Hapo hapo. Mimi ilinichukua wiki nzima, na rangi zilikuwa mbele ya macho yangu muda wote.

Mwl_Witiri

Nawasalimu wote. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nimepita nikashindwa kuondoka. Fumbo hili mwanafalsafa Max Black alilichapisha mwaka 1946, na hadi leo hulitumia walimu wanaotaka kuonyesha maana ya uthibitisho.

Niongeze swali: je, kama ubao haukupakwa rangi? Kuna njia nyingine, ninaipenda zaidi kwa sababu haihitaji rangi hata kidogo.

Tazameni safu ya juu. Ina vyumba 7, maana kimoja kimeliwa. Mawe yaliyolala humo yanakula vyumba viwiliviwili, kwa hiyo mawe yanayosimama kutoka safu hiyo kushuka ya pili lazima yawe witiri: 1, 3, 5 au 7. Safu ya pili ina vyumba 8. Witiri imeshachukuliwa na yaliyotoka juu, imebaki witiri, basi yanayoshuka kwenda safu ya tatu nayo ni witiri. Endeleeni hivyo mpaka chini. Mipaka kati ya safu ni 7, kila mpaka unavukwa na mawe witiri, na witiri saba zikijumlishwa hutoa witiri. Kwa hiyo mawe yote yaliyosimama ni witiri. Sasa ugeuzeni ubao ubavu, hoja ni ileile kwa nguzo: mawe yote yaliyolala nayo ni witiri. Witiri na witiri ni shufwa. Lakini tunahitaji mawe 31, na 31 si shufwa.

Uthibitisho mbili, njia hazifanani, mahali pa kufikia ni pamoja.

BintiChumbageni

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara tatu ndipo nikaelewa, na sasa naamini. Narudi kwenye duara: nimechora kwenye karatasi ya manila, nimehesabu mara nne. Napata 31. Sikubali, nadhani kuna kipande kimoja kidogo kinanikwepa.

Mwl_Witiri

Marahaba mwanangu. Hakikukwepi, ni 31 kweli. Sababu ni nyepesi. Unaanza na duara tupu, kipande 1. Kila mstari unaouongeza unaleta kipande kimoja kipya, na kila makutano ya mistari miwili ndani ya duara yanaleta kingine kimoja. Nukta 6 zina mistari 15. Makutano je? Ukichagua nukta nne zozote, mishazari ya umbo lake inakutana mara moja tu, na namna za kuchagua nne kati ya sita ni 15. Jumla 1 + 15 + 15 = 31. Jaribu na nukta 5: 1 + 10 + 5 = 16. Inakubali.

Fumbo hili nalipenda darasani kuliko yote. Mwanafunzi anaona 1, 2, 4, 8, 16 na moyo wake unaapa kwamba inayofuata ni 32. Ushahidi wa mara tano mfululizo, na bado si kweli.

Mpemba_Ughaibuni

Assalamu alaykum. Niko Muscat, nafuata uzi tangu asubuhi. Nami nna langu.

Chukueni karatasi ya miraba. Chora pembetatu mraba yenye kitako 13 na kimo 5. Ndani yake kata vipande vinne: pembetatu ya kitako 8 na kimo 3, pembetatu ya kitako 5 na kimo 2, na vipande viwili vya ngazingazi, kimoja cha miraba 7, kingine cha miraba 8. Vinakaa sawia. Sasa zibadilisheni nafasi zile pembetatu mbili, panga upya vile vya ngazi. Umbo la nje ni lilelile, 13 kwa 5, lakini ndani kuna tundu la mraba mmoja. Mraba umekwenda wapi?

Msafiri_Korogwe

Hii nimeiona inasambazwa kwenye magrupu na watu wanaandika "maajabu". Nimekata vipande. Tundu lipo kweli. Sina la kusema.

FundiMarumaru

Hili ni la fundi, niachieni. Kwenye kazi yangu vipande haviongezeki wala havipungui kwa kuhamishwa, kwa hiyo hapana maajabu. Kuna mstari unaodanganya. Niliweka rula kwenye ule ubavu mrefu wa mshazari, na HAUJANYOOKA.

Pigeni hesabu. Pembetatu ya 8 kwa 3 inapanda 3 kugawa kwa 8, yaani 0.375. Ile ya 5 kwa 2 inapanda 0.4. Miinuko hiyo si sawa, basi ukiziunganisha ubavu unapinda kidogo. Katika mpangilio wa kwanza unabonyea ndani, wa pili unatuna nje. Eneo la vipande vyote ni 12 + 5 + 7 + 8 = 32. Pembetatu halisi ya 13 kwa 5 ingekuwa na 32.5. Mpangilio wa kwanza umepungukiwa nusu mraba, wa pili umezidi nusu mraba. Nusu na nusu ndiyo lile tundu.

Jicho halioni kupinda kwa kiasi hicho, hasa ukichora kwa kalamu nene. Niliwahi kupokea sakafu ya aina hiyo: ukuta ukionekana umenyooka, ukifika pembeni kipande hakiingii. Tangu hapo uzi na rula kwanza, jicho baadaye.

Mpemba_Ughaibuni

Ahsante sana fundi, umenyoosha. Wanaolisimulia hunasibisha fumbo hili na mwanamazingaombwe Paul Curry wa New York, 1953. Na zitazameni namba: 2, 3, 5, 8, 13. Kila moja ni jumla ya mbili zilizotangulia. Hiyo si bahati, kwa sababu namba za mfuatano huo zinakaribiana mno miinuko. Chukua mraba wa 8 kwa 8, eneo 64, unaweza kuukata vipande vinne na kuvipanga kama mstatili wa 5 kwa 13, eneo 65. Katikati ya mstatili unabaki ufa mwembamba mno wenye eneo la mraba 1 kamili, umejinyoosha pembe hadi pembe.

Mama_Wawili

Mimi sina hisabati ya juu ila napenda ya mantiki. Hii nilipewa kwenye semina. Kadi nne mezani, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unaona A, K, 4 na 7. Mtu anasema: "Kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili." Ni kadi zipi LAZIMA uzigeuze kujua kama amesema kweli?

BintiChumbageni

A na 4.

Mama_Wawili

Mdogo wangu, ndivyo nilivyojibu mimi na karibu semina nzima. Sasa sahau kadi. Wewe ni mkaguzi wa baa, sheria inasema anayekunywa pombe awe ametimiza miaka 18. Kuna watu wanne: mmoja anakunywa bia, mmoja soda, mmoja una hakika ana miaka 25, mmoja una hakika ana miaka 16. Unamkagua nani?

BintiChumbageni

Wa bia nimuulize umri, na wa miaka 16 nitazame glasi yake. Wa miaka 25 ananihusu nini, anywe anachotaka... Subiri. Basi kwenye kadi ni A na 7! Nyuma ya 4 hata kukiwa na K, hakuna kanuni iliyovunjwa. Lakini nyuma ya 7 kukiwa na irabu, kanuni imevunjika.

Mwl_Witiri

Safi kabisa. Jaribio la kadi lilitungwa na mwanasaikolojia Peter Wason wa Uingereza mwaka 1966, na wasomi kwa wasio wasomi huliangukia. Mama Wawili, ulivyolihamishia kwenye baa ni njia bora ya kulifundisha. Umbo la hoja ni lilelile. Tofauti ni kwamba sisi tumezoea kumtafuta mvunja sheria, hatujazoea kutafuta kinachoiangusha kauli.

MwanaKatanga

Bonjour ndugu zangu, natokea Lubumbashi. Naleta la mchanga. Chora nyumba kwa mstari mmoja bila kuinua kidole na bila kupita mstari mara mbili: mraba, mishazari yake miwili ndani, na paa la pembetatu juu. Halafu ondoa paa, jaribu tena.

Msafiri_Korogwe

Yenye paa nimeiweza tangu darasa la pili! Isiyo na paa sijawahi, na baada ya ule ubao sisemi tena "haiwezekani" bila sababu. Nimehesabu hivi: kila unapopita kwenye kona unaingia kwa mstari mmoja na kutoka kwa mwingine, kwa hiyo mistari ya kona inatumika miwilimiwili. Kona yenye mistari witiri lazima iwe mwanzo au mwisho wa safari. Mraba wenye mishazari una kona nne, zote zina mistari mitatu. Mwanzo ni mmoja na mwisho ni mmoja, kona nne haziwezi kugawana. Ukiweka paa, kona mbili za juu zinakuwa na mistari minne, za witiri zinabaki mbili za chini. Ndiyo maana lazima uanzie chini!

Mwl_Witiri

Kijana, hiyo ndiyo hoja ya Leonhard Euler, 1736, kuhusu mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad, Urusi. Mji ulikuwa na madaraja saba juu ya mto Pregel, na swali lilikuwa kama mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja tu. Sehemu za nchi kavu zilikuwa nne: moja ina madaraja matano, tatu zina matatumatatu. Zote witiri. Safari haipo.

MwanaKatanga

Nami niongeze, ili isionekane mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 mgeni mmoja, Emil Torday, aliwakuta watoto wa jamii ya Kuba, hapa Congo, wakichora mchangani mistari iliyosukwa bila kuinua kidole, na wakampa naye ajaribu. Wachokwe wa Angola, Congo na Zambia wana sona: unaweka nukta kwa safu na nguzo, kisha mstari unapita katikati yake kama ukili wa mkeka. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, aliandika sana juu ya sona. Katika mchoro wa namna ya mkeka, idadi ya mistari inayohitajika ni kigawo kikubwa cha shirika cha safu na nguzo. Safu 5 na nguzo 6: mstari mmoja unamaliza kazi. Safu 4 na nguzo 6: lazima iwe miwili. Jaribuni.

Mama_Wawili

Nimejaribu 2 kwa 3 na 3 kwa 3 kwenye unga wa ngano mezani. Mstari mmoja, kisha mitatu. Watoto wangu hawataki kula, wanachora.

Msafiri_Korogwe

Fundi, nakurudisha kwenye ubao wako. Mchwa walikula vyeupe viwili ndiyo maana ikashindikana. Je, wangekula cheupe kimoja na cheusi kimoja, popote pale? Hesabu ya rangi inakubali. Lakini nimejifunza kwamba hesabu kukubali hakutoshi.

FundiMarumaru

Nimekaa na swali lako siku mbili. Nimemshirikisha mzee wa kahawa, na jibu ni ndiyo, daima, popote utakapotoa. Sababu ilipatikana na Ralph Gomory, mwanahisabati wa Marekani, na ni nzuri mpaka niliichora kwa chaki juu ya ubao.

Anza pembe ya juu kushoto, nenda kulia mpaka mwisho wa safu. Shuka safu ya pili, rudi kushoto lakini usiiguse nguzo ya kwanza. Shuka ya tatu, nenda kulia. Endelea kupindapinda hivyo mpaka safu ya nane, ambayo unaipita yote hadi nguzo ya kwanza, kisha panda na nguzo hiyo mpaka ulipoanzia. Umepata njia moja iliyofungwa inayopita vyumba vyote 64, cheupe, cheusi, cheupe, cheusi, kama shanga kwenye uzi.

Sasa toa shanga moja nyeupe na moja nyeusi, zozote. Uzi unakatika vipande viwili, au kimoja kama zilikuwa jirani. Kila kipande kinaanza na rangi moja na kuishia na nyingine, kwa hiyo kina idadi shufwa ya vyumba, na dhumna zinalala kukifuata mwanzo hadi mwisho. Imekwisha.

Jioni hii tumejaribu kwenye ubao mzima. Mzee anaweka vizibo viwili, kimoja kwenye cheupe na kimoja kwenye cheusi, mimi napanga nikifuata chaki. Mara sita, mawe 31 yote yameingia. Ya saba akaweka vizibo vinne, viwili kwenye vyeupe na viwili kwenye vyeusi, akaniuliza: "Na sasa?" Nimeshapata jibu. Nyie tazameni pembeni kabisa, kwenye chumba chenye majirani wawili tu.